Wageni Wadogo wa Mwezi wa Tisa

Hotuba iliyosomwa Koboko mbele ya wakazi, wenyeji na wafanyakazi wa mashirika, katika siku ya ukumbusho ya kamati



Kamati iliponiomba niseme machache leo, wengi walitarajia nizungumzie maji, mgao au shule. Mambo hayo yana wasemaji wake, nao wamesema vizuri. Mimi nimeomba ruhusa ya kusema juu ya ndege. Najua kuna atakayecheka. Atauliza, mtu ambaye unga wake haumfikishi mwisho wa mwezi, ndege wanamhusu nini? Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kabla sijakaa. Lakini kwanza niwajulishe mgeni ninayemsemea.

Mgeni mwenyewe ni nani

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa mwezi wa nane hadi mwezi wa kumi na moja, miti yetu hupokea wageni. Wanafika wakati wa mvua kubwa za West Nile, karanga zimeshang'olewa, mtama unaiva, na wadudu wamejaa kila mahali. Hawaji kwa kelele kama kwelea. Wanakuja usiku, na asubuhi unawakuta tayari wako kazini katika mwembe, katika mkwaju, au katika vichaka vya kando ya kijito.

Aliye wa kawaida zaidi kati yao ni mdogo kuliko shomoro. Mgongo wake ni kijani cha kufifia kinachoelekea kahawia, tumbo lake ni jeupe lenye njano, na juu ya jicho ana mstari mweupeupe kama nyusi. Hatulii. Anaruka kutoka jani hadi jani, anatazama chini ya kila moja, anadonoa mdudu, anahama. Katika vitabu vya elimu ya ndege jina lake ni Phylloscopus trochilus, na sehemu ya kwanza ya jina hilo, kwa Kigiriki, ina maana ya mwenye kuchungulia majani. Basi leo tumwite Mchungulia-majani, maana ndiyo kazi yake kutwa nzima.

Uzito wake ni kama gramu 10. Mama anayenunua chumvi sokoni anajua gramu 10 ni kiasi gani: ni vijiko viwili vya chai. Kiumbe huyo wa vijiko viwili vya chumvi ametoka Ulaya ya kaskazini au Urusi. Huko hujenga kiota chake chini, ndani ya nyasi, hutaga mayai kama sita, na hulea watoto wake katika miezi ya tano, ya sita na ya saba, wakati jua la huko halitaki kuzama. Majira yao ya joto yakielekea mwisho, anaondoka. Ni nadra mno mmoja wa jamii yake kukaa Ulaya majira ya baridi. Karibu wote huja Afrika, kusini ya jangwa la Sahara.

Mwaka 2018 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwafuatilia ndege wachache wa jamii hii waliozaliana mashariki ya mbali ya Urusi. Walikuwa wamewafunga vifaa vidogo sana mgongoni. Ikaonekana kuwa ndege hao walisafiri kiasi cha kilomita 13,000 hadi Afrika ya Mashariki. Huo ni mwendo wa kwenda tu. Kurudi ni mwingine kama huo.

Wapo na wenzake. Yupo mmoja wa rangi ya udongo asiye na alama yoyote ya kumtambulisha, mnene kidogo, apendaye matunda pamoja na wadudu. Huyo ni Sylvia borin. Wapo mbayuwayu, ambao kila mtoto anawajua. Na wapo korongo weupe, wanaopita juu kwa makundi bila kupiga mabawa.

Watu walivyohangaika kuijua safari hii

Msidhani Wazungu walijua mambo haya tangu zamani. Waliona mbayuwayu wanatoweka kila mwaka, na kwa karne nyingi wenye elimu yao walisema kuwa ndege hao hujificha ndani ya mashimo, au hulala chini ya matope ya maziwa mpaka joto lirudi.

Jibu lilitoka Afrika. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni mwake. Mkuki ule ulikuwa wa Kiafrika. Ndege yule alichomwa huku kwetu, hakufa, akaruka na mkuki wake hadi Ujerumani. Mwili wake umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa hiyo barua ya kwanza kutoka Afrika kuhusu safari za ndege iliandikwa kwa mkuki.

Baadaye zilikuja njia za upole zaidi. Mwaka 1899, huko Denmark, mwalimu Hans Christian Mortensen alianza kuwavisha ndege pete za chuma miguuni, zenye namba na anwani. Mwezi wa tano mwaka 1911, Uingereza, mbayuwayu mmoja alivishwa pete. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1912 akashikwa Natal, Afrika Kusini. Watu wakakubali. Na jirani zetu wa Kenya wana kituo maarufu mahali paitwapo Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambapo tangu mwaka 1969 ndege wahamao hushikwa kwa nyavu laini usiku wa ukungu, huvishwa pete na huachiwa.

Kinachonishangaza mimi ni watoto. Ukimwona Mchungulia-majani mwenye njano nyingi tumboni katika mwezi wa tisa, huyo ni mtoto wa mwaka huu. Alitoka kiotani mwezi wa sita au wa saba. Hajapata kuona Afrika. Wazazi wake hawamwongozi. Anasafiri usiku, na njia yake ameipata peke yake. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Franz Sauer aliwaweka ndege wa ukoo huu chini ya paba la nyota za kutengenezwa kwa taa, akaona wanageukia upande wa safari kwa kufuata nyota. Wengine baada yake walionyesha kuwa ndege husikia pia nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira.

Anafika hana kitu

Kabla ya kuvuka Sahara ndege hawa hula kupita kiasi. Yule wa rangi ya udongo niliyemtaja, mwenye gramu kama 18, anaweza kufika gramu 30 na zaidi, na ziada karibu yote ni mafuta. Mafuta hayo ndiyo posho yake ya njiani. Jangwa lina upana wa kilomita 1,500 na zaidi, na humo hakuna mahali pa kuomba maji.

Anapofika upande wa pili, mafuta yamekwisha, na hata nyama ya kifua imepungua. Wataalamu waliochunguza wamegundua jambo ambalo wauguzi wetu watalielewa mara moja: utumbo wa ndege huyo umesinyaa. Hata akikuta chakula tele, siku za kwanza hawezi kula cha kumtosha. Lazima matumbo yajengeke tena kidogo kidogo.

Wauguzi hawatushangai tukisema hivyo. Mtoto aliyedhoofika sana hapewi sahani ya ugali siku anayoletwa. Huanzishiwa maziwa mepesi, kwa kipimo, mpaka tumbo lizoee. Mungu aliyeumba tumbo la mtoto ndiye aliyeumba na la ndege. Wote wawili wanahitaji mahali pa kutua, na siku chache za utulivu, kabla hawajaweza kusimama.

Hapo ndipo kichaka cha kando ya kijito kinapopata maana yake. Kwa macho yetu ni kichaka tu, cha kukatwa kuni. Kwa aliyevuka jangwa ni kituo cha mapokezi.

Mwenye lugha nyingi

Yuko mwingine anayepita zaidi upande wa mashariki, Ethiopia na Kenya, hadi kusini ya Afrika. Anaitwa Acrocephalus palustris. Wimbo wake karibu wote ni wa kuiga. Mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alisikiliza ndege hawa huko Ubelgiji, na mwaka 1979 aliandika kuwa kila dume huiga wastani wa aina 76 za ndege wengine, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Maana yake ni kwamba mkulima wa Ubelgiji akifungua dirisha asubuhi anasikia sauti za ndege wa kwetu, zikitoka katika koo la ndege aliyezaliwa jirani naye.

Watoto wetu hapa wanaongea lugha ya mama yao, na Kiswahili, na Kilingala au Kiarabu cha Juba, na Kikakwa au Kilugbara walichojifunza uwanjani, na Kiingereza cha shule. Kuna wazee wanaosikitika wakisema watoto wamepotea lugha. Ndege huyu angewajibu kuwa aliyesafiri na kusikiliza hajapoteza, ameongeza. Lakini namkumbusha mzazi: yeye hasahau kurudi na wimbo wake kwao.

Ndege si mkimbizi

Sasa niseme neno ambalo wengi walilingoja nilisahau. Ni rahisi kumtazama ndege huyu na kusema, "Tazama, na yeye ni mkimbizi kama sisi." Mimi sitasema hivyo, kwa sababu si kweli.

Ndege hakufukuzwa. Hakuna aliyechoma kiota chake ili aondoke. Anaondoka kwa majira yake, na mwezi wa tatu au wa nne anarudi kwa majira yake, na wala hapigwi muhuri. Anajua kwamba atarudi. Sisi wa kutoka Congo na ndugu zetu wa Sudan Kusini hatukuchagua mwezi. Tuliondoka usiku ambao risasi ziliuchagua. Kumfananisha mtu aliyezika wenzake njiani na ndege aendaye kutafuta joto ni kulipunguza lililompata.

Lakini jambo moja tunaweza kujifunza kwake, nalo ni juu ya neno "nyumbani". Ndege huyu hukaa kaskazini miezi mitatu au minne tu. Miezi mingine yuko njiani au yuko Afrika. Tena, ndege wengi hubadili manyoya yao yote mara moja kwa mwaka, lakini Mchungulia-majani hubadili mara mbili: mara moja kule baada ya kulea, na mara moja huku Afrika. Manyoya anayorudi nayo Ulaya yameota kwa wadudu wa miti ya Afrika. Basi yeye ni wa wapi? Ni wa kule alikozaliwa, na ni wa huku alikovikwa nguo. Huku hakumfuti kule.

Wazee wa Koboko na Arua wanaelewa maneno haya kuliko mimi. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa West Nile kwa maelfu walivuka mpaka wakaingia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka kadhaa. Waliokula kwetu wakati ule ndio wanaotulisha leo. Kwa hiyo hapa hakuna aliye mwenyeji tangu zamani zote, na hakuna aliye mgeni moja kwa moja.

Linalotuhusu

Nilisema nitalijibu swali la njaa. Najibu sasa.

Kwanza, ndege hawa hula wadudu, na wadudu hao hula bustani zetu. Viwavi wadogo na chawa wa mimea wanaokaa chini ya majani ndio chakula chao cha kila siku, na hawadai mshahara. Kila manati inayomwangusha ndege mmoja wa gramu 10 haimpi mtoto hata tonge moja la nyama, ila inamwachia kiwavi maharage.

Pili, ni habari ya miti. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023 kwa familia nyingi, kila mtu anajua shoka linavyotembea. Gunia la makaa ndilo linalonunua sabuni na daftari. Simlaumu mama anayekata kuni. Sufuria haipikwi kwa hotuba. Lakini miti ya kando ya vijito ikiisha, kijito kinafuata, na ugomvi wetu na wenyeji juu ya kuni unazidi. Ndege akikosa kichaka anaruka mbele. Sisi hatuna mbele. Kijito hiki ndicho tulicho nacho.

Tatu, yanayotendeka Afrika hufika mbali. Mwaka 1969, watu wa Uingereza wanaohesabu ndege walimngoja ndege mmoja wa ukoo huu, mwenye koo jeupe. Karibu robo tatu hawakutokea. Kosa halikufanyika Uingereza. Ukame ulikuwa umeipiga Saheli, mahali pao pa kukaa majira ya baridi, nao wakafa huko. Na ubaya hutoka pande zote: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa kati ya ndege milioni 11 na milioni 36 huuawa kila mwaka kinyume cha sheria katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, kwa nyavu, kwa ulimbo na kwa bunduki. Wanaofika kwetu ndio waliosalia.

Wala tusiseme kuwa ndege ni wengi hawataisha. Ndugu zetu wa Rhino Camp wanaishi mahali palipopewa jina kwa sababu ya faru. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alikuja upande huu wa Nile kuwinda faru weupe. Walikuwepo hadi kizazi cha baba zetu, huko Ajai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wameangamizwa Uganda nzima. Jina likabaki katika karatasi za usajili, mnyama akaondoka.

Nne, kuna kazi. Uganda imeandikisha aina zaidi ya 1,000 za ndege, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Kijana anayejua ndege kwa sura na sauti anaweza kuwa mwongozaji, na elimu hiyo huanza na macho na daftari la mistari.

Namna ya kuwatazama

Darubini ni nzuri, lakini si lazima. Amka mapema, toka saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Chagua mti mmoja mwenye majani mengi, simama mahali jua liko mgongoni kwako, usivae nguo ya kung'aa, na usitembee. Mpe mti robo saa. Sikiliza kwanza: Mchungulia-majani huita kwa sauti ndogo yenye vipande viwili, "hu-iit", ya pili ikipanda. Ukisikia, tafuta jani linalotikisika bila upepo. Mwezi wa pili na wa tatu msikilize tena, maana kabla ya kurudi huanza kuimba, na wimbo wake hushuka taratibu na kuisha kama jani linaloanguka.

Kisha andika tarehe, saa, mahali, aina ya mti, na idadi uliyoiona. Usiandike ulichokisia. Tarehe ya ndege wa kwanza wa mwaka ni kitu cha thamani, na ikikusanywa miaka kumi inakuwa elimu ambayo hata vyuo vikuu vitaiomba.

Kwa hiyo, mbele ya Mwenyekiti, naomba mambo manne. Kamati na viongozi wa wenyeji wakae pamoja waamue ukanda wa kila kijito ambao shoka halitaingia. Mashirika yanapoleta miche, yasilete miti ya kigeni tu. Yaongeze mikwaju na miti mingine ya asili ya hapa. Walimu wawape watoto kazi ya daftari la ndege kila mwezi wa tisa. Na wazazi wazikusanye manati, si kwa fimbo, bali kwa kumwonyesha mtoto yule ndege na kumwambia ametoka wapi.

Tangu mwaka 2006 kuna siku ya dunia nzima ya ndege wahamao, nayo siku hizi huadhimishwa mara mbili, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano na Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Ile ya mwezi wa kumi inatuangukia wakati wageni wetu wako mitini. Itakapofika, tukutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi penye kijito, wakimbizi, wenyeji na wafanyakazi wa mashirika, kila mmoja na kalamu yake.